Jiwe la Gurudumu la Kulia

Inspekta Ghati alikuwa amelala chali chini ya tela, viatu tu vikionekana, Afande Donatus alipotoka ofisini na kikombe chake cha chai.

"Toka huko, Ghati. Raia wanakuangalia."

"Waangalie, afande. Hawajakatazwa."

"Jalada liko mezani kwangu, limekamilika. Dereva kaacha tela mteremkoni, tela limeteleza, mama wa watu amekufa. Kesho linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Wewe humo uvunguni unatafuta nini?"

Ghati alijivuta nje, akajipangusa mchanga mgongoni. Tela lilikuwa limeletwa kituoni na boti yake ya faiba juu, bado imekazwa kwa mikanda minne, haijasogea hata kidogo. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Katika ukanda huu wa Geita alikuwa ameona matela ya kila namna: yaliyofungwa kwa waya, yenye taa ya upande mmoja, yenye nati tatu palipotakiwa tano. Polisi walikuwa wakiyasimamisha barabarani, na yakipita salama watu wanamshukuru Mungu. Hili halikuwa la namna hiyo. Beringi zilikuwa na grisi mpya. Tairi zilikuwa zimejaa. Mnyororo wa usalama ulikuwa mzima, na pini ya kiungio ilikuwa imefungwa kamba ili isipotee. Mtu wa kulitunza tela hivi hawezi kuliacha mteremkoni likijishikilia lenyewe.

Ijumaa asubuhi, baada ya mvua fupi kukatika, mwaloni Nkome, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, tela hilo liliteleza kutoka juu ya mteremko likamgonga Nyamizi, mama wa watoto watatu, akiwa ameinama anaanika dagaa. Alikufa palepale. Dereva, kijana anayeitwa Mayala, alikuwa amekwenda Geita mjini kuchukua mashine ya boti. Aliporudi alikuta watu wenye hasira wanamngoja. Polisi walifika baada ya watu kumaliza hasira zao.

"Njoo uone, afande," Ghati alisema. "Jiwe hili lilikutwa pale juu tela lilipokuwa limelazwa. Lilikuwa nyuma ya gurudumu la kushoto. Limechubuka, na lina weusi wa mpira. Maana yake lilizuia kadiri lilivyoweza. Tela lilianza kuponyoka upande wa kulia, likazunguka, ndipo likaliruka hili."

"Kwa hiyo kaweka jiwe moja. Mzembe nusu."

"Angalia tairi la kulia." Aliingiza kucha katikati ya kashata za tairi, akatoa donge jekundu. "Udongo mwekundu. Mwaloni pale ni mchanga mweupe mtupu."

"Barabara nzima ya kuja huku ni nyekundu."

"Wa barabarani ungeenea pande zote, na tairi la kushoto lingekuwa nao. Huu umebanwa mahali pamoja. Na una nyasi kavu ndani yake, zimekatwakatwa. Kulikuwa na kitu hapa, afande, na hakikuwa jiwe."

Donatus alikunywa chai yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza muda mfupi astaafu na ambaye hakutaka kufuatwa na wafiwa mpaka kwake. "Una leo tu," alisema. "Kesho asubuhi linaondoka, hata likiondoka na nyasi zako."

Mwenye tela alifika kabla Ghati hajamaliza kufunga ule udongo kwenye karatasi. Aliitwa Hosiana, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kahama, mwanamke mnene mwenye bangili za dhahabu mikono yote miwili. Alikuwa ameamua mwaka huu kuingia kwenye uvuvi. Alikuja kuulizia boti yake.

"Pole na safari, mama," Ghati alisema. "Breki ya tela hili ilikufa lini?"

"Breki?"

"Waya wa breki ya mkono umekatika. Dereva alikwambia?"

Hosiana alizungusha bangili zake. "Aliniambia. Nikamwambia avumilie, tukishusha boti tutatengeneza. Tela lenyewe nililinunua likiwa hivyo, kule karibu na Bulyanhulu. Lilikuwa la wachimbaji, linabeba mawe kutoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, kupeleka kusagwa. Ukinunua kitu cha wachimbaji unategemea breki?"

"Nani alimwambia aliache pale juu?"

"Mimi. Kule chini kulijaa mitumbwi, hakuna pa kushushia. Nikamwambia alaze tela hapo, alfajiri awahi mashine Geita, akirudi watashusha. Sasa nimeua mtu mimi? Nilikuwa Kahama nimelala kwangu!"

Ghati angefurahi sana mkosaji awe huyu. Alirudi kuukagua ule waya, akitamani kuona umekatwa kwa koleo. Ulikuwa umeliwa na kutu siku nyingi, na mtu alikuwa ameufunga vizuri pembeni usiburuzike. Breki mbovu ni kosa, na angeliandika. Lakini tela lilikuwa limesimama mteremkoni usiku kucha bila breki na bila kusogea. Kitu kilichobadilika kilibadilika asubuhi, na asubuhi hiyo Hosiana alikuwa mbali.

"Na boti yangu je?" Hosiana aliuliza.

"Mama, kuna watu wanamuulizia mama yao. Wewe subiri."

* * *

Hospitalini Mayala alikuwa amefungwa pingu mkono mmoja kwenye kitanda. Pingu ya nini, Ghati hakujua. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti siku iliyotangulia. Madaktari walisema hawakuwa na la kuokoa. Askari wa zamu alisinzia kwenye benchi. Ghati alimwamsha, akadai ufunguo, akafungua ile pingu mwenyewe.

"Shikamoo, afande," Mayala alisema.

"Marahaba. Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa." Alikuwa akitazama dari. "Mmekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Nieleze ulivyoliacha tela. Kila kitu, hata kama kwako ni kidogo."

Mayala alieleza polepole, kwa Kiswahili cha Kisukuma kinachobonyeza maneno, na kadiri alivyoeleza uso wake ulipata uhai kidogo, maana alikuwa anaeleza kazi yake. Kwanza anaweka mawe, tela likiwa bado limeshikwa na gari. Kamwe hafungui kabla ya mawe. Halafu anashusha mguu wa mbele, juu ya kipande cha ubao usizame mchangani. Halafu anafungua kiungio. Halafu analirudisha gari nyuma kidogo na kulisukuma tela kwa bampa taratibu, liyakalie mawe sawasawa.

"Mawe mangapi?"

"Mawili. Kushoto na kulia. Wananiuliza kila siku, nawaambia mawili, wanaandika moja."

"Mimi naandika mawili. Uliyapata wapi?"

"Yalikuwa kwenye tela lenyewe. Yalibaki tangu lilipokuwa la kubebea mawe ya dhahabu. Mengine nilitupa, haya mawili yalikuwa na umbo zuri, upande mmoja bapa. La kushoto la kijivu. La kulia jeupe, lina mishipa ya kutu kutu."

Ghati aliacha kuandika. "Linameta?"

"Ukilimwagia maji linameta. Lakini jiwe tu lile, afande. Wenyewe wangekuwa wameliacha kama lina kitu? Wale hata vumbi wanafagia." Aliangalia shuka lilivyobonyea pale ambapo mguu wake haukuwepo. "Afande, hivi mtu wa mguu mmoja anaweza kukanyaga klachi?"

Ghati alisema magari mengine siku hizi hayana klachi. Mayala aliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu. Wote wawili walijua hakuna mtu wa ukanda huu atakayemkabidhi gari la namna hiyo, na Ghati alijisikia vibaya kwa kusema kitu cha kijinga.

Njiani kurudi Nkome aliyapanga mambo kichwani. Jiwe jeupe lenye mishipa ya kutu. Kwingineko Tanzania jiwe la namna hiyo ni la kujikwaa. Hapa ni mbale, jiwe lenye dhahabu, mpaka lithibitishwe kwamba silo. Na hakuna mtu wa hapa, mchungaji wala mwalimu wala mpika chapati, anayeliona akaliacha. Ghati mwenyewe, binti wa Kikurya kutoka Tarime aliyekulia jirani na machimbo, alikuwa na moja kama hilo dirishani kwake. Mtu alipita asubuhi, akaliona, akalichukua, akaweka kitu kingine badala yake. Na mtu aliyechukua jiwe la hivyo hawezi kulilaza. Siku hiyohiyo ataliwahisha likasagwe.

Karasha ya karibu, mashine ya kusagia mawe, ilikuwa moja tu, kando ya barabara ya Geita.

* * *

Mwenye karasha aliitwa Nasibu. Alizima injini alipomwona afande, na vumbi jeupe likaendelea kuwadondokea wote wawili taratibu.

"Ijumaa asubuhi," Ghati alisema. "Kuna mtu alileta jiwe moja?"

Nasibu alicheka. "Moja! Huyo simsahau. Watu wanakuja na viroba, yeye kaja na jiwe moja kaliviringisha kwenye koti, kalikumbatia kama kichanga. Nikamwambia kaka, hili halijazi hata mdomo wa karasha. Akasema wewe saga, mimi nina macho."

"Jeupe?"

"Jeupe, na mishipa. La kuvutia, siwezi kusema uongo. Tukasaga, tukaosha, tukaweka zebaki. Hata ya kumtoga sisimizi sikio haikutoka." Hapo aliacha kucheka. "Ila siku yenyewe ilikuwa mbaya, afande. Tukiwa tunaosha simu yake ikaita. Akapokea, akakaa chini hapo ulipo, kwenye matope. Mke wake amegongwa mwaloni."

Ijumaa hiyo mwaloni aligongwa mwanamke mmoja tu, Nyamizi, na mume wake Ghati alimjua.

"Theonest," alisema.

"Huyohuyo. Fundi wa kufyatua matofali. Masikini wa Mungu, jiwe bure, mke hakuna."

"Unga wa jiwe lile uko wapi?"

Nasibu alinyoosha mkono kuelekea kilima cha marudio nyuma yake, mchanga wa kijivu uliokwisha kusagwa na kuoshwa, mawe ya mamia ya watu yamelala humo pamoja. "Huko. Lichague, kama unalitambua."

Ghati alisimama akikitazama kile kilima. Hakuwa na jiwe, na hangelipata tena. Alikuwa na donge la udongo kwenye karatasi na maneno ya mtu mwenye karasha isiyo na leseni, ambaye mbele ya hakimu angesema hakumbuki chochote. Theonest akinyamaza, hakuna kesi nyingine zaidi ya ile iliyo mezani kwa Donatus. Theonest akisema, Mayala anatoka. Na watoto watatu waliobakiwa na mzazi mmoja wanabaki bila hata huyo.

"Unajua anaishi wapi?" aliuliza, ingawa alijua. Alikuwa ameshakwenda pale kutoa pole. Theonest alikuwa ameshika mkono wake kwa mikono miwili, akamwapia kwamba yule dereva asipofungwa yeye atakwenda hata Dodoma kwa miguu.

* * *

Matanga yalikuwa yamekwisha. Turubai lilikuwa limeondolewa, vikabaki viti viwili vya plastiki na majivu ya moto. Kando ya nyumba ya nyasi palikuwa na kuta zilizofika kiunoni, za nyumba mpya, na mbele yake matofali mabichi yamepangwa safu kwa safu yakingoja tanuru. Mekundu. Ghati aliinama, akabinya pembe ya mojawapo. Ilimegeka vidoleni, na ndani yake zilikuwamo nyasi kavu zilizokatwakatwa.

"Karibu, afande." Theonest alitoka ndani, amevaa kandambili za mkewe. Alikuwa amekonda kwa siku chache. "Yamefikia wapi?"

"Pole tena, Baba Limi. Nina maswali."

"Uliza. Mimi sina cha kuficha."

Na kweli hakuwa nacho. Hilo ndilo Ghati alilolikumbuka baadaye, jinsi lilivyokuwa rahisi. Aliuliza alikuwa wapi Ijumaa alfajiri, na Theonest akasema alimsindikiza mkewe mwaloni. Alimbebea matofali manne ya kugandamizia pembe za neti ya kuanikia, maana upepo wa ziwani ulikuwa unaifunua kila siku, dagaa wanaingia mchanga.

"Matofali haya?"

"Haya. Mabichi, lakini kwa neti yanatosha."

"Neti ilikutwa na matofali matatu, Baba Limi."

"Eeh. Moja nililitumia." Alisita kidogo, lakini si kwa hofu, alikuwa kama mtu anayeungama dogo. "Kulikuwa na jiwe pale, limewekwa kwenye gurudumu la tela. Afande, mimi nimechimba miaka mingi, jiwe zuri nalijua. Nilishindwa kupita. Ila sikuliacha tela wazi, sina roho hiyo. Niliweka tofali kwanza, nikalipigilia na mguu, ndipo nikavuta jiwe. Mama Limi akaniuliza, litafaa hilo? Nikamwambia tofali langu linabeba nyumba, lisizuie tairi?"

Ghati alilitazama lile tofali lililomegeka.

"Nikaenda nalo karasha. Halikuwa na..."

Ghati alikuwa amewahoji watu wengi. Wengi ukweli unawatoka. Ni wachache ambao unawaingia mbele ya macho yako, na hakutamani kuuona tena. Theonest aligeuza shingo akayaangalia matofali yake. Safu ya juu ilikuwa imelainika na kubonyea, pembe zimekwisha.

"Mvua ilinyesha," alisema.

"Ilinyesha."

"Tela lilelile?"

"Mwaloni siku ile lilikuwa moja tu."

"Lakini dereva..." Alishika ukuta wa nyumba yake mpya. "Dereva hakuweka vizuri. Upande mwingine. Afande, upande mwingine hakuweka vizuri, si ndiyo?"

"Aliweka. Yote mawili."

Theonest alikaa juu ya matofali, yakasagika chini yake, wala hakuona. "Nilimpiga," alisema. "Walipomleta, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza. Nilimpiga mguu kwa kasia."

Hili Ghati hakulijua. Hakuna aliyelisema, wala asingelisema mtu yeyote mwaloni pale. Aliufunga mkoba wake bila kutoa karatasi. Alikuwa amekuja na maneno tayari, yale ya sheria, kwamba si lazima aseme na kwamba atakachosema kitaandikwa. Aliyasema. Sauti yake mwenyewe ilimkera.

"Naweza kukataa," Theonest alisema.

"Unaweza. Jiwe halipo tena."

"Nikikataa, nani anajua?"

"Mimi. Na wewe."

"Nikikubali, wanangu nani anawalea? Mama yake Nyamizi ni kipofu. Kwetu Biharamulo hakuna mtu." Hakuwa analia. Aliongea kama anayepiga hesabu ya mbao ambazo tayari anajua hazitoshi. "Niandikie hivi basi. Nifungeni mimi, yule kijana mumwachie. Ila watoto waambiwe ni dereva. Hilo tu, afande. Nakuomba kama dada yangu."

"Itasomwa mahakamani, Baba Limi. Nkome nzima itakuwepo."

"Mpe mtu maji hata kama huwezi kumpa chakula."

"Sina hata maji."

Mlango wa nyumba ya nyasi ulifunguka. Limi, binti yake mkubwa, alitoka na kikombe cha maji juu ya sahani, kama mama yake alivyomfundisha kumkaribisha mgeni. Alipiga goti mbele ya Ghati.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama."

Binti hakuinuka. "Mmeshamkamata aliyemuua mama?"

Wiki nzima Ghati alikuwa akiulizwa swali hilo, sokoni, kanisani, kituoni, na kila mahali alikuwa na jibu. Sasa alishika kikombe, akamtazama mtoto. Akamtazama Theonest.

Theonest alikuwa ameshainuka. Alijipangusa udongo mwekundu matakoni, kwa mikono yote miwili, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Wameshamkamata."

Kisha akavua zile kandambili za mkewe, akazipanga vizuri ukutani, akamwambia binti yake aingie ndani amtafutie viatu.